Dondoo Muhimu: Njia ya Msituni Ikilowa, Ipe Nafasi Ikauke

Kwa mwendesha baiskeli wa Msitu wa Karura, Nairobi, kifaa cha kwanza ni jicho linalojua kusoma udongo. Udongo mwekundu wa hapa una mfinyanzi mwingi: ukilowa hunata kwenye matairi na kuziba nafasi kati ya gurudumu na fremu, na kila tairi huchimba mfereji ambao mvua inayofuata itaupanua. Kwa hiyo endesha mita chache, kisha tazama nyuma. Ukiona alama ya kina, geuza. Tairi la meno makubwa si jibu; linakupa mshiko wewe, lakini njia inazidi kuchimbika.

Wapo watakaosema masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni marefu mno kukaa bila kuendesha. Hakuna anayewataka wakae: watumie barabara pana za changarawe, na vijia vyembamba wavisubiri vipate siku mbili tatu za jua. Ukikuta dimbwi katika njia iliyokauka, pita katikati polepole au shuka ubebe baiskeli; kulizunguka kunaua mimea ya kando na kupanua njia. Adabu kwa watu inatokana na hoja hiyohiyo, kwamba njia ni ya wote. Anayetembea apite kwanza, anayeshuka ampishe anayepanda, na kengele ilie kabla ya kona. Punguza mwendo mapema kwa breki zote mbili, maana gurudumu la nyuma likiburuzwa hukwangua udongo na kumtisha aliye mbele yako.