Uvimbe wa Taya: Je, ni Jino Tu?

Huku kwetu mtu akivimba taya tunasema ni jino tu. Anameza dawa ya maumivu, anasukutua kwa maji ya chumvi, na miezi inapita. Mara nyingi ni jino kweli. Lakini kuna uvimbe wa aina kadhaa ambao kwa nje ni kama mayai ya kuku mmoja.

Upo mfuko wa maji unaoota kwenye mzizi wa jino lililooza likafa. Upo mwingine unaozunguka jino ambalo halijatoka kwenye ufizi, hasa gego la mwisho. Wa tatu hula mfupa kimyakimya, na hata baada ya upasuaji huweza kurudi miaka mingi baadaye. Halafu kuna ameloblastoma. Huu si mfuko tu. Hukua polepole bila maumivu mpaka uso unapinda, na ukikwanguliwa tu mara nyingi hurudi. Kwa kawaida daktari hulazimika kuondoa sehemu ya mfupa.

Eksirei husaidia, lakini yote minne huweza kuonekana kama shimo jeusi kwenye mfupa. Ndiyo maana daktari hukata kipande kidogo kikapimwe kwa hadubini. Hapo ndipo wengi hutoroka, wakiogopa kisu au gharama. Sisi tunaona heri kikundi kichange nauli na pesa za kipimo hicho kuliko mtu wetu kupasuliwa mara mbili.

Kwa watoto mambo ni mengine. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Dkt. Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Ikaja kujulikana kuwa ni kansa, inayopatikana zaidi sehemu za joto zenye malaria nyingi. Kwa hiyo sisi wa nyanda za chini, Mbeere na Tharaka, tusilale. Uvimbe huo huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na meno hulegea. Kuyang'oa hakusaidii kitu! Dawa za kansa huponya watoto wengi wakifikishwa mapema, basi mtoto kama huyo asingojee mkutano wa Jumapili. Apelekwe siku hiyohiyo hospitali kubwa, Embu au Meru.

Mjadiliane: Katika kikundi chenu, nani ana uvimbe wa taya ambao haujapimwa? Nani atamsindikiza, na nauli itatoka wapi?