Kutupa kisu: mchezo unaojifunzwa kwa miguu



Katika trimestre hii nimenyang'anya visu vine nyuma ya internati. Vitatu ni vya jikoni, na mama wa jikoni alikuwa akivitafuta. Cha nne ni kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa. Kila mara jibu ni moja: «Yaya, tunacheza tu.» Halafu mdogo wetu mmoja wa darasa la saba akapigwa na kisu kilichorudi kutoka kwenye mwembe. Alishonwa nyuzi tatu juu ya jicho. Kama kingeshuka kidole kimoja tu, leo tungekuwa na habari ingine.

Inafaa niseme ukweli mbele ya kuendelea. Mimi kapita ninayenyang'anya visu, mimi pia ninatupa. Tangu likizo kubwa, kila siku ya posho, katika kiwanja cha baba mdogo. Nilikwenda kumwambia Bwana Prefe mwenyewe, na ndiye aliyeniambia: basi andika. Ninaandika.

Hapa Katanga wazee wetu walijulikana zaidi kwa shoka, mkuki na upinde. Lakini kule kaskazini ya inchi yetu, upande wa mto Uele, Wazande walikuwa na kisu cha kutupa chenye kuitwa kpinga. Si cha kucheza, ni cha vita. Askari alikibeba nyuma ya ngao. Kina ndimi kadhaa zinazotoka kila upande, hata ukikiona mara ya kwanza unafikiri fundi alikosea. Visu vya namna ile vingi viko leo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Lakini tuangalie akili ya yule fundi. Kisu kikitoka mkononi kinazunguka, na hakuna mtu anayeweza kukizuia hewani. Fundi hakushindana nacho. Aliweka ndimi kila upande kusudi kifike namna yoyote, ulimi mmoja uume.

Kisu chetu kina ncha moja tu. Hiyo ncha inafaa iangalie mbele sawasawa wakati kisu kinapogusa ubao. Kikifika mapema ao kikichelewa, mpini ndio unapiga, na kisu kinarudi kwako. Ndiyo sababu wenye kutupa kwa nguvu nyingi hawapati kitu.

Mimi nilitupa wiki tatu bila kushikisha hata kimoja. Jirani ya baba mdogo ni mzee aliyekuwa ajusta katika mgodi wa hapa Kipushi mpaka uliposimama mwaka 1993. (Ulianza tena kutoa zinki mwaka 2024, lakini yeye sasa analima mihogo.) Aliniangalia juu ya lupango, akacheka, akasema: «Kijana, uache mkono. Utembeze miguu.»

Maana yake ni hii. Shika mpini kama unavyoshika nyundo, bila kukaza. Tupa kila mara kwa mwendo uleule, kiganja kisikunje. Simama karibu meta 4 kwa mzunguko mmoja mzima. Kisha soma kisu kinavyofika. Mpini ukiangalia juu, kimezunguka kupita kiasi: sogea mbele nusu hatua. Mpini ukiangalia chini, hakijamaliza kuzunguka: rudi nyuma. Mkono haubadiliki, ni miguu inayobadilika. Siku ile ile nilishikisha vinne kwa kumi. Katika mashindano ya Ulaya wanatupa toka meta 3, 5 na 7, na kila mtu anatafuta hatua zake nyuma ya mstari.

Kisu cha jikoni hapana. Ni chepesi, na kinavunjika penye mpini. Yule mzee alinikatia changu katika chuma cha bapa, santimeta 30, kipande kimoja bila mpini wa mbao. Kina ncha tu, makali hakina. Hata nyanya hakikati. Mti unaosimama hapana vilevile, juu gamba lake ni gumu na linarudisha. Mnakata gogo kama mkate, na uso uliokatwa ndio unawaangalia: nyuzi za mti zinafunguka na kushika ncha.

Na watu? Wote wanakaa nyuma ya mtupaji, mbali, hata yule anayehesabu pointi. Hakuna anayekwenda kuokota mpaka wote wamemaliza kutupa. Mwenye hasira asitupe siku hiyo. Mfalme Saulo alijua kutupa, mkuki wake ulishika ukuta (1 Samweli 19:10), lakini aliyemlenga ni Daudi.

Sasa nimeomba kwa Bwana Prefe tupewe ukuta wa nyuma ya atelie, gogo moja, na mwalimu mmoja wa kusimama pale siku ya posho. Hajajibu. Kama atakataa, mimi nitaacha kutupa mpaka nimalize mtihani wa Serikali, na nitaendelea kunyang'anya.

Mama wa jikoni amerudishiwa vitatu vyake. Kipande cha msumeno kiko kwangu. Mwenyewe aje mchana, na mbele ya kuja apitie kwanza kwa yule mdogo aliyeshonwa.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho