Unga wa Kung'arishia Marumaru: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua

Marumaru huchimbwa humu humu Kaunti ya Kajiado. Vipande vinavyobaki baada ya kukata vigae, meza za jikoni na mawe ya makaburi vinaweza kuwa kidani, kibao cha jina au sahani ndogo ya pete. Kwa mkazi anayechonga kwa kujifurahisha, au anayetaka kuuza kazi yake, tatizo huja mwishoni: ni unga gani utakaolifanya jiwe ling'ae bila kuliharibu?

Kwanza, hakikisha jiwe ni marumaru. Dondosha tone la siki kwenye upande usioonekana. Likitoa mapovu, jiwe lina kalsaiti, madini yanayounda marumaru nyingi. Baadhi ya marumaru ina dolomiti zaidi, nayo hutoa mapovu hafifu mno hadi jiwe likwaruzwe kidogo. Suuza mara moja kwa maji, kwa kuwa siki hula jiwe.

Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, kalsaiti iko kwenye 3. Kwatzi na akiki ziko kwenye 7. Kisu cha jikoni hukwaruza marumaru kwa urahisi, lakini akiki hakiiwezi. Hii ndiyo sababu unga unaosifiwa na wanaong'arisha vito vigumu si lazima ukufae.

Unga uliozoeleka kwa marumaru ni oksidi ya bati. Ni mweupe, laini, na hauachi rangi. Oksidi ya alumini iliyosagwa sana, chini ya maikroni 1, pia hufanya kazi nzuri, nayo ni nyeupe. Oksidi ya siriamu inajulikana zaidi kwa kioo na kwatzi. Kwa marumaru haina faida ya kutosha kukufanya uitafute.

Tahadhari kubwa ni kwa miche ya nta, nyekundu au ya kijani, ambayo mafundi wa jua kali hutumia kung'arishia chuma. Nyekundu ina oksidi ya chuma na ya kijani ina oksidi ya kromiamu. Rangi hiyo huingia kwenye vinyweleo vya marumaru nyeupe, na kuitoa ni kazi ngumu. Kazi ya siku nzima inaweza kupotea kwa dakika mbili.

Ipo pia poda ya viwandani iliyochanganywa na asidi ya oksaliki. Hung'arisha haraka kwa sababu asidi huchukuana na kalsaiti juu ya jiwe. Ikizidi, uso wa jiwe hubaki na vijishimo kama ganda la chungwa. Asidi hiyo ni sumu: huunguza macho na ngozi, na ikimezwa huharibu figo. Haifai kutumiwa nyumbani penye watoto. Soma kibandiko kabla ya kulipa, na ikiwa muuzaji hajui kilichomo, tafuta kwingine.

Hata hivyo, pesa nyingi hupotea kwa kununua unga bora na kuupaka kwenye jiwe lisilosuguliwa vizuri. Unga hauondoi mikwaruzo. Anza na msasa wa maji namba 220, kisha 400, 600, 800 na 1200. Osha jiwe, mikono na beseni kila unapobadilisha namba, kwani chembe moja ya 220 ikibaki itachora mstari mpaka mwisho. Kausha jiwe na uliinamishe mbele ya dirisha. Maji huficha mikwaruzo. Ukiuona mmoja, rudi namba moja nyuma. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato.

Mahali ambapo maji ni ya shida, maji ya beseni yaliyotuama yanaweza kutumika tena kwa msasa wa mwanzo pekee. Kuanzia 600, tumia maji safi. Usisugue jiwe likiwa kavu kabisa: vumbi la mawe hudhuru mapafu, na baadhi ya marumaru huwa na kwatzi ndani yake.

Changanya unga na maji hadi uwe kama uji mwepesi, upake kwenye ngozi au kitambaa kizito cha sufu, kisha sugua kwa mzunguko. Mng'ao hutokea zaidi kitambaa kinapoanza kukauka na kukwama kidogo. Ukitumia mashine, iendeshe polepole, kwani joto linaweza kulipasua jiwe. Kila unga uwe na kitambaa chake, na ujaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Vipande vya kujifunzia viombwe kwa wenye karakana za kukata mawe. Kwenda kuchimba mwenyewe kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016.

Anayenunua kazi yako aambiwe asiioshe kwa limau, siki wala dawa ya kusafishia choo. Maji na kitambaa laini vinatosha.