Spika Janja ya Nyumbani: Namna ya Kuipima Kabla ya Kulipa

Lengo la somo: Baada ya kusoma somo hili, mnunuzi ataweza kutofautisha spika janja na spika ya kawaida isiyo na waya, kukadiria gharama ya kuitumia, kupima sauti yake dukani na kulinda haki zake baada ya kununua.

1. Akili ya spika iko wapi?

Spika zisizo na waya zinazouzwa Kibaha Maili Moja, Mlandizi au Kariakoo zaweza kufanana kwa umbo, lakini ni za aina mbili. Aina ya kwanza hupokea sauti kutoka kwenye simu kwa Bluetooth, kwa kawaida ndani ya mita 10 hivi. Haihitaji intaneti iwapo nyimbo zimehifadhiwa ndani ya simu. Aina ya pili, yaani spika janja, ina maikrofoni, huunganishwa na Wi-Fi na huitikia amri ya sauti. Amazon ilianza kuuza ya kwake, Echo, mwaka 2014. Google na Apple zikafuata.

Akili hiyo kwa sehemu kubwa haimo ndani ya spika. Maneno ya mtumiaji husafirishwa kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni husika, hufasiriwa huko, kisha jibu hurudishwa. Kifurushi kikiisha au mtandao ukiyumba, spika janja hupoteza kile hasa kilichoifanya iuzwe kwa bei ya juu.

Lugha nayo ni ya kuuliziwa mapema. Hadi somo hili linaandikwa, Alexa ya Amazon na Siri ya Apple hazipokei amri kwa Kiswahili. Ikiwa msikilizaji mkuu wa nyumba ni bibi anayependa taarifa ya habari na kaswida, redio au spika ya kawaida yaweza kumfaa zaidi.

2. Kokotoa gharama ya intaneti

Muziki unaopigwa moja kwa moja kutoka mtandaoni kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde hutumia takribani MB 58 kwa saa. Kwa kilobiti 320, hutumia MB 144. Familia inayosikiliza saa 3 kila siku hufikisha saa 90 kwa mwezi, yaani takribani GB 5.2 kwa kiwango cha chini na GB 13 kwa kiwango cha juu. Linganisha hesabu hiyo na bei ya kifurushi chako kabla ya kutazama bei ya spika.

Mwenye intaneti ya nyumbani inayolipiwa kwa mwezi huenda asione tofauti. Lakini mkazi wa Marui, wilayani Kisarawe, anayetegemea intaneti ya simu yake atambue jambo moja: simu ikienda shambani, intaneti ya spika imekwenda nayo.

3. Soma lebo kwa tahadhari

Wati: Tafuta kipimo kinachoitwa RMS, ambacho huonyesha nguvu ya mfululizo. Kipimo cha PMPO hutaja kilele cha kitambo kidogo mno, na aghalabu hutumiwa kukuza namba. Kwa spika isiyo na betri, zidisha volti kwa ampia zilizoandikwa kwenye adapta. Volti 12 kwa ampia 1.5 ni wati 18. Kifaa kinacholishwa wati 18 hakiwezi kutoa wati 200 mfululizo, hata boksi liseme nini.

Umeme: Hapa nchini hutumika volti 230. Adapta iliyoandikwa volti 100 hadi 240 inafaa. Iliyoandikwa volti 120 pekee itaungua. Spika janja nyingi hazina betri, hivyo umeme ukikatika hunyamaza.

Betri: Betri ya volti 3.7 na mAh 2,000 hubeba wati-saa 7.4. Spika ikitumia wastani wa wati 5, itadumu takribani saa moja na nusu.

4. Isikilize kwa nyimbo zako

Nyimbo za maonyesho dukani huweza kuteuliwa kwa ajili ya besi nzito, nayo besi nzito huficha kasoro. Nenda na simu yako, kisha:

(a) Anza na sauti ya mtu anayezungumza. Maneno yasikike wazi, yasiwe kama yanatoka ndani ya debe.
(b) Piga wimbo unaoujua vizuri, kwa sauti ya chini. Ala zote unazozifahamu zisikike.
(c) Ongeza sauti hadi karibu na mwisho. Ikikwaruza au boksi likitetema, hicho si kiwango chake halisi cha kutumika.
(d) Sogea mbali hatua kadhaa na usikilize iwapo sauti inakatika.

5. Sikio lililo sebuleni

Ili isikie jina lake, maikrofoni ya spika janja hukaa macho muda wote. Mwaka 2019 ilifahamika kwamba kampuni za Amazon, Google na Apple zilikuwa na watu waliosikiliza sehemu ya sauti zilizorekodiwa, kwa lengo la kuboresha huduma. Chagua spika yenye kitufe cha kuzima maikrofoni, jifunze kufuta rekodi kupitia programu yake, na uwaarifu wageni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki juu ya taarifa zako. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

6. Risiti, dhamana na malalamiko

Dai risiti ya kielektroniki yenye jina na namba ya modeli. Dhamana iwe ya maandishi, ikitaja muda wake na mahali pa kupeleka spika ikiharibika. Uliza kama kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ukiuziwa bidhaa bandia au yenye maelezo ya uongo, rudi kwanza kwa muuzaji. Usiposikilizwa, wasilisha lalamiko Tume ya Ushindani pamoja na risiti.

Maswali ya kujipima

1. Adapta ya spika imeandikwa volti 9 na ampia 2, nalo boksi linasema wati 150. Je, utaamini?
2. Familia yako itasikiliza saa 2 kwa siku kwa kilobiti 128. Itatumia intaneti kiasi gani kwa siku 30?
3. Intaneti ikikatika, spika unayotaka kununua itaendelea kufanya kazi gani? Mwombe muuzaji akuonyeshe kabla hujalipa.