Miti Mirefu Kuliko Yote Duniani: Somo la Kikundi



Tunapotembelea vikundi vyenye vitalu vya miche, kuna swali linalorudi, hasa kutoka kwa vijana: mti mrefu kuliko yote duniani uko wapi, na una urefu gani? Tumeona lipewe somo lake, kwa sababu ndani yake kuna mambo ya maji, mizizi, moto, biashara ya mbao na tabia za sisi binadamu. Katibu anaweza kulisoma kwa sauti, sehemu moja moja, na wengine wamkatishe kwa maswali wakitaka.

Mti huo uko Marekani, katika jimbo la California, upande wa kaskazini usio mbali na bahari ya Pasifiki. Ni wa aina inayoitwa redwudi, yaani mti mwekundu, kwa ajili ya rangi ya mbao na gome lake. Jina lake la Kilatini, sempervirens, maana yake ni "yenye kuishi daima". Mti wenyewe umepewa jina Hyperion. Watu wawili wanaopenda kutafuta miti mirefu, Chris Atkins na Michael Taylor, waliugundua mwaka 2006. Baadaye mtaalamu Steve Sillett alipanda hadi kileleni akateremsha utepe wa kupimia mpaka ardhini. Leo una karibu mita 116.

Mita 116 ni kitu gani?

Namba peke yake haisemi kitu. Wale waliofika Nairobi wameona jumba la mikutano la KICC. Lile lina mita 105 hivi. Sasa weka mti kando yake, na mti ulipite jumba.

Tulijaribu jambo hili na kikundi kimoja cha kina mama. Tulichukua kamba ya katani, tukapima mita 116, tukaitandaza katika uwanja wa mpira wa shule. Uwanja haukutosha. Kamba ilipita goli la kwanza, ikapita la pili, ikaingia kwenye mahindi ya mwalimu. Mama aliyeshika ncha ya mwisho alikuwa anapiga kelele kuuliza kama tunamsikia. Mzee mmoja aliyekuwa amekuja kuangalia tunafanya nini akasema, "Huo si mti, hiyo ni njia ya kwenda sokoni." Watu wakacheka sana. Halafu tukawaambia: haya, sasa isimamisheni hiyo kamba iwe wima. Hapo kicheko kikaisha, kila mtu akatazama juu, ingawa juu hakukuwa na kitu isipokuwa mawingu. Tunashauri vikundi vingine vifanye hivyo hivyo kabla ya kuendelea na somo.

Jambo la ajabu ni kwamba mtu anayesimama chini ya redwudi haoni urefu wake. Shina linapanda, linapanda, matawi ya kwanza yako mbali juu, na kilele kimefichwa na majani. Mwanga unaofika chini ni hafifu hata mchana. Wengi wanaoingia katika msitu ule hujikuta wanaongea kwa sauti ya chini bila mtu kuwaambia, kama tunavyofanya kanisani. Tena kuna umri. Baadhi ya redwudi zimepita miaka 2,000. Maana yake zilikuwa zimekwisha kuota wakati Bwana Yesu anazaliwa Bethlehemu, na hadi leo zinatoa majani mapya. Na kila mmoja ulianza na mbegu ndogo kama ya nyanya!

Maji yanapandaje?

Swali hili liliulizwa na kijana mmoja fundi wa pampu, na ni zuri. Wazee wanaokunywa busaa kwa mrija mrefu wanajua kwamba mrija ukizidi urefu, kazi ya kuvuta inakuwa ngumu. Hata mtu awe na kifua cha namna gani, kwa kuvuta na mdomo hawezi kupandisha maji zaidi ya mita 10 hivi. Mti hauna mdomo wala pampu. Ndani ya shina kuna mirija myembamba sana, myembamba kuliko unywele, iliyojaa maji kutoka mizizi hadi majani. Jua likikausha tone kwenye jani, tone hilo likiondoka linavuta lililo nyuma yake, na hilo linavuta jingine, kwa sababu maji yanashikana. Hivyo maji yote katika shina yamening'inia kama mnyororo.

Lakini mnyororo una uzito. Kadiri mti unavyorefuka, ndivyo majani ya juu yanavyopata maji kwa taabu. Ndiyo maana majani ya kileleni mwa redwudi ni madogo na manene, tofauti na ya matawi ya chini. Mwaka 2004 wataalamu, Sillett akiwa mmoja wao, walikadiria kwamba mti hauwezi kupita mita 122 hadi 130 hivi. Kwa hiyo Hyperion umekaribia mwisho wa kile ambacho mti unaweza.

Msaada mwingine unatoka kwa ukungu. Pwani ya California haina mvua wakati wa kiangazi, lakini ukungu mzito unaingia kutoka baharini. Majani yanaukamata, unageuka matone, unadondoka chini na kunywesha mizizi. Mtaalamu Todd Dawson alipima jambo hili akaona kwamba karibu theluthi moja ya maji yanayoufikia msitu kwa mwaka yanatokana na ukungu unaodondoka hivyo. Zaidi ya hapo, majani yenyewe yanaweza kunywa ukungu moja kwa moja. Wale wanaoishi karibu na Aberdare au Taita hawatashangaa, maana wameona asubuhi ya ukungu chini ya miti kumelowa na nje kwenye majani mafupi kumekauka.

Mizizi, moto na akiba

Mtu angedhani mti wa namna hii una mzizi mmoja mkubwa unaochimba kwenda chini kabisa. Sivyo. Mizizi ya redwudi haiendi chini sana, mara nyingi haipiti mita 4. Inakwenda kando, mita 30 au zaidi, na inasokotana na mizizi ya majirani. Wahubiri wengi wameutumia mfano huo kueleza ushirikiano, na si mbaya. Sisi tunataka mkumbuke jambo la mizizi yenyewe, kwa sababu tutalihitaji mbele kidogo.

Gome la redwudi linaweza kufika unene wa sentimita 30, na halina utomvu wa kuwaka kama wa msonobari. Agosti 2020 moto mkubwa ulipita katika hifadhi ya Big Basin, hifadhi ya kwanza ya redwudi katika jimbo hilo, iliyoanzishwa mwaka 1902. Karibu hifadhi yote iliungua. Majani ya miti mingi yaliteketea, mashina yakabaki meusi kama nguzo za makaa, na watu waliamini kwamba msitu umekwisha. Baada ya miezi michache mashina yakaanza kuota manyoya ya kijani kutoka chini hadi juu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba machipukizi hayo yalitoka kwenye macho yaliyolala ndani ya gome kwa karne nyingi, na yalilishwa na sukari ambayo mti ulikuwa umeitengeneza miongo mingi nyuma na kuiweka. Wenye vikundi vya kuweka na kukopa, hapo mnajua tunaongea lugha gani.

Shoka na pesa

Wenyeji wa msitu huo, kwa mfano Wayurok, walichonga mitumbwi na kujenga nyumba kwa mbao za redwudi kwa muda mrefu, wakitumia mara nyingi miti iliyoanguka yenyewe. Kisha mwaka 1848 dhahabu ikaonekana California, watu wakamiminika, na wote walitaka nyumba. Mbao za redwudi ni nyepesi, zinapasuka vizuri, haziozi upesi na mchwa haupendi kuzila. Kila fundi atakuambia mbao kama hizo hazikai sokoni. Mji wa San Francisco ulipobomolewa na tetemeko na moto mwaka 1906, ulijengwa tena kwa redwudi nyingi. Msitu wa zamani ulikuwa kama eka milioni 2. Leo msitu ambao haukuguswa ni kama sehemu 5 tu kati ya 100.

Hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1968, lakini mipaka yake ilikuwa myembamba, na kampuni za mbao ziliendelea kukata juu ya milima. Mvua ikaleta udongo mtoni na kutishia miti iliyobaki bondeni. Mwaka 1978 serikali ikaongeza mipaka. Sehemu kubwa ya ardhi iliyoongezwa ilikuwa imekwisha kufyekwa, na Hyperion uko katika ardhi hiyo, karibu na miteremko iliyokatwa. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba mti mrefu kuliko yote ulikuwa umesimama pale. Kama sheria ingechelewa, ungekuwa mbao, na hakuna ambaye angejua kimepotea nini.

Tuseme pia habari za Julia Butterfly Hill. Tarehe 10 Desemba 1997, akiwa na miaka 23, alipanda redwudi moja iliyopewa jina Luna, iliyopangwa kukatwa. Alikaa juu siku 738, kwenye jukwaa dogo la mbao na turubai, katika baridi na dhoruba. Wenzake walimletea chakula kwa kamba. Aliteremka Desemba 1999, baada ya kampuni kukubali kuuacha mti huo na eneo dogo kuuzunguka, na wafuasi wake kutoa dola 50,000. Mwaka uliofuata mtu asiyejulikana alikuja na msumeno wa mashine akaukata Luna sehemu kubwa ya shina. Mafundi waliufunga kwa vyuma na nyaya. Luna ungali hai. Wengine katika vikundi vyetu wamesema huyo msichana alikuwa na wazimu, wengine wamesema ni shujaa. Jadilianeni. Lakini msisahau kujadili pia wale wafanyakazi wa mbao, ambao nao walikuwa na watoto wa kusomesha na karo ya kulipa.

Miguu ya wapenzi

Hapa ndipo tunarudi kwenye mizizi. Mahali pa Hyperion hapakutangazwa na hakuna njia rasmi ya kufika. Hata hivyo siri ilivuja, na watu wakaanza kuutafuta, wapige picha, waushike kwa mikono yao. Hawakuwa watu wabaya. Walikuja kwa sababu ya ajabu ile ile tuliyoisikia sisi uwanjani. Lakini maelfu ya miguu yalikanyaga mimea ya chini ikafa, udongo ukashindiliwa, na mizizi ya redwudi, kama tulivyosema, iko karibu na juu. Takataka na vinyesi vikaachwa. Mwaka 2022 wenye hifadhi walilifunga eneo lote: anayekamatwa karibu na mti huo anaweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000 na kufungwa miezi 6. Nasi tunaona walifanya vizuri, ingawa inauma kwamba mti mrefu kuliko yote duniani hauruhusiwi kutazamwa kwa karibu. Tena wanaousaka hawapati kitu cha pekee machoni, kwa maana kutoka chini Hyperion unafanana na jirani zake.

Na hapa kwetu?

Afrika pia inao. Mwaka 2016 mtaalamu Andreas Hemp alitangaza kwamba katika bonde moja la mlima Kilimanjaro kuna mti wenye mita 81.5, mrefu kuliko miti yote ya asili iliyowahi kupimwa Afrika. Ni wa jamaa ya mahogani, ambayo ndiyo jamaa ya mwarobaini wetu. Ulikaa pale miaka mia kadhaa, kilomita si nyingi kutoka mpaka wa Kenya, kabla ya kupimwa. Na wenye mikaratusi wajue kwamba ndugu mmoja wa mti huo, katika kisiwa cha Tasmania huko Australia, anafika karibu mita 100.

Kazi ya kikundi: chagueni mti mkubwa kuliko yote kijijini mwenu, mti ambao wazee wanaufahamu, muupime. Si lazima kupanda. Chukua fimbo iliyonyooka. Nyosha mkono, ushike fimbo wima mbele ya jicho, na sehemu iliyo juu ya ngumi iwe na urefu sawa na umbali kutoka jicho hadi ngumi. Kwenye ardhi tambarare, rudi nyuma polepole mpaka ncha ya fimbo ilingane na kilele, na ngumi ilingane na chini ya shina. Simama hapo. Umbali kutoka ulipo hadi kwenye mti ndio urefu wa mti. Pimeni kwa kamba, msikadirie kwa hatua, maana hatua za mwenyekiti na za mama mjamzito hazilingani.

Pimeni pia mzunguko wa shina, mita 1.3 kutoka ardhini. Andikeni jina la mti kwa lugha ya nyumbani, na yale ambayo wazee wanasimulia juu yake: ulikuwa mkubwa kiasi gani wao walipokuwa watoto, nani alitaka kuukata, na kwa nini haukukatwa. Leteni karatasi kwenye mkutano ujao wa vikundi vyote. Anayetaka kubishana na vipimo vya kikundi kingine aje na kamba yake.