Kwenda kila mtu kwa siku yake, kurudi pamoja

Kwetu sisi tunaoishi Uingereza na nyumbani kwetu ni Tanzania, mke na mume ni nadra kuondoka siku moja. Harusi ya mdogo wangu ikikaribia, mimi natakiwa Tanga mapema: kuna vikao, kuna kichen pati, kuna sendofu, na shangazi zangu wananitegemea. Mume wangu anafanya kazi ya zamu, likizo yake hupangwa miezi kabla na haisogei, kwa hiyo yeye hufika wiki ya harusi yenyewe. Lakini kurudi tunarudi pamoja. Safari ya usiku kucha, na moyo bado uko kwa mama, sipendi kuifanya peke yangu. Wengi wameniuliza tunakataje tiketi za namna hiyo bila kulanguliwa.

Buking moja hubeba watu wenye safari moja. Zile herufi na tarakimu sita mnazopewa mkishalipa zinamaanisha kwamba wote walioandikwa humo wanapanda ndege zilezile, kwenda na kurudi. Kwenye tovuti za mashirika hakuna mahali pa kusema mama aondoke tarehe 3 na baba tarehe 17. Ndiyo maana wengine hushawishika kukata tiketi mbili pamoja za kwenda na kurudi, kisha mmoja asipande ndege ya kwenda, akatafuta njia yake nyingine, akitegemea kutumia kipande cha kurudi. Tafadhali msifanye hivyo. Abiria asipotokea kwenye ndege ya kwanza, kwa kawaida shirika linafuta vipande vyote vilivyobaki kwenye tiketi yake. Atafika uwanjani Dar na pasipoti yake mkononi, akaambiwa hana safari.

Zinabaki njia mbili. Ya kwanza, kila mmoja anakata tiketi ya kwenda tu, halafu mnanunua pamoja tiketi za kurudi tu. Inaonekana safi, na kwa safari fupi kama Dar hadi Nairobi au kwenye ndege za bei nafuu, ambazo huuza kila kipande kwa bei yake, ni njia nzuri kabisa. Lakini kwa safari ya bara hadi bara na mashirika makubwa, tiketi ya kwenda tu mara nyingi ni zaidi ya nusu ya bei ya kwenda na kurudi, na wakati mwingine inazidi hata bei ya kwenda na kurudi yenyewe. Ya pili, ambayo ndiyo ninayoitumia, ni tiketi mbili tofauti za kwenda na kurudi, kila moja na tarehe yake ya kuondoka, zikikutana kwenye ndege moja ya kurudi.

Kwa hiyo anzeni na kurudi, ndiyo nguzo ya mpango wote. Tangu British Airways ilipoacha safari zake za London na Dar mwaka 2013, kurudi Uingereza ni lazima kuunganisha ndege mahali: Addis Ababa, Doha, Dubai, Istanbul, Nairobi au Amsterdam. Maana yake ni kwamba mnalinganisha ndege mbili. Ndege ya kutoka Dar inaweza kufanana lakini ya kutoka Doha ikawa tofauti, mmoja akapewa ya asubuhi na mwingine ya mchana. Mimi naandika kwenye karatasi namba ya kila ndege, tarehe, saa ya kuondoka na uwanja wa kufikia, kisha naweka tiketi zote mbili kando ya ile karatasi na kusoma mstari kwa mstari. Someni pia ni shirika gani linaloendesha ndege hiyo, kwa sababu ndege moja huweza kuuzwa kwa namba mbili na mashirika mawili.

Tarehe ndiyo inayohitaji macho zaidi. Ndege nyingi huondoka Afrika Mashariki baada ya saa sita usiku. Tiketi ikiandika 03:25 tarehe 18, hiyo ni saa tisa na dakika ishirini na tano, usiku wa kuamkia tarehe 18, na kwenda uwanjani ni usiku wa tarehe 17, kabla hamjalala. Mtu anayetafuta tarehe 17 na mwenzake anayetafuta tarehe 18 wanaweza kuamini wamechagua usiku mmoja, kumbe wamepishana kwa siku nzima.

Mkishaijua ndege ya kurudi, tafuteni bei kwa abiria mmoja mmoja. Mashirika hugawa viti vya daraja moja katika mafungu ya bei. Fungu la chini likibaki na kiti kimoja na nyinyi mkatafuta viti viwili, mfumo mara nyingi huwapandisha wote wawili kwenye fungu la juu. Mkitafuta mmoja mmoja, angalau mmoja anapata ile bei ya chini. Hatari yake ni kwamba mkipoa katikati, viti vya kurudi vinaweza kwisha kabla wa pili hajalipa. Sisi tunakaa meza moja, yeye na kompyuta, mimi na simu, wote tunafika ukurasa wa malipo, ndipo analipa yeye kwanza, kwa kuwa tarehe zake hazina nafasi ya kusogea. Mimi nafuata papo hapo. Bei yangu ikiwa juu, nasogeza siku yangu ya kwenda mbele au nyuma. Ya kurudi siigusi. Julai, Agosti na Desemba msitarajie muujiza, kateni mapema.

Kabla ya kulipa, someni masharti ya tiketi zote mbili, maana hapa ndipo ninapoona watu wakiumia. Tiketi ya bei ndogo inaweza kuwa na kikomo cha muda wa kukaa, na anayetangulia ndiye anayekaa muda mrefu. Pia, yako ikibadilishika kwa ada na ya mwenzako isibadilike kabisa, siku mtakapotaka kusogeza kurudi kwa ajili ya msiba au ugonjwa, mmoja atasogea na mwingine atabaki palepale. Ni heri kuongeza fedha kidogo ili masharti yalingane. Na nunueni mahali pamoja. Mmoja akikata kwa wakala na mwingine kwenye tovuti ya shirika, likitokea badiliko shirika litamwambia yule wa wakala arudi kwa wakala wake, na mazungumzo yanakuwa mawili badala ya moja.

Tiketi zikitoka, pigeni simu kwa shirika au wakala, mtaje namba zote mbili za buking, mwombe iandikwe kwenye kila moja kwamba mnasafiri pamoja wakati wa kurudi. Hilo haliziunganishi kuwa buking moja, wala si ahadi. Lakini ratiba zikibadilika, anayeshughulikia ataona kwamba kuna mwenzi. Barua pepe ya mabadiliko ikimfikia mmoja, msibonyeze kukubali. Fungueni kwanza buking ya pili, kisha pigeni simu mkiwa na ndege moja mnayoitaka wote.

Viti chagueni mara tu baada ya kulipa kama tiketi inaruhusu. La sivyo, chek-in ya mtandaoni ikifunguliwa, kwa kawaida saa 24 kabla ya safari, mtu mmoja ashike namba zote mbili na kuchagua viti kwa pamoja. Uwanjani nendeni kaunta moja, mkatoe pasipoti zote kwa pamoja. Mizigo ni suala jingine: pale mnaporuhusiwa mabegi ya kilo 23, begi la kilo 28 halisamehewi kwa sababu la mwenzako lina 18. Pimeni nyumbani.

Mwenye mtoto, amwandike kwenye buking ya mzazi atakayekwenda naye, na awe na barua ya ridhaa ya mzazi anayebaki. Mtoto wa kupakatwa atakayetimiza miaka 2 kabla ya kurudi atahitaji kiti chake cha kurudi, kwa hiyo lisemeni mnapokata.

Kuna faida nyingine ya tiketi mbili ambayo watu wachache huitaja. Mama akiugua wiki ya mwisho nikalazimika kubaki, tiketi ya mume wangu haiguswi. Anarudi kazini siku yake, nami napiga simu kabla ndege haijaondoka, nabadilisha tarehe ya yangu peke yake.