Somo la Jumuiya: Binti Anapoomba Kuwa Sista

Masomo: Mathayo 19:10-12; 1 Wakorintho 7:7-8, 25-35

Wapendwa wazazi na vijana wa Lobule na Rhino Camp, binti akisema anataka usista, mzazi huuliza kwanza: na mahari je? Tusimcheke. Aliyeacha mifugo yake yote ng'ambo ya mpaka anamtazama binti kama mwanzo mpya. Wengine hufurahi haraka mno: mgao ukipunguzwa, kwa masista hawalali njaa.

Bwana hasemi hivyo. Katika Mathayo anasema wapo waliokubali kutooa kwa ajili ya Ufalme, lakini si wote wanaojaliwa kulipokea neno hilo. Paulo naye anakiri kwamba juu ya mabikira hana amri ya Bwana. Anatoa shauri tu. Basi useja ni karama, na ndoa haidharauliwi. Ndiyo maana Sheria ya Kanisa, kanuni ya 643, haiutambui unovisi wa aliyeingia kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa, wala wa asiyetimiza miaka 17. Unovisi ni miezi 12 au zaidi, kisha nadhiri za muda za ufukara, useja na utii. Njia ya kurudi nyumbani ipo, na anayerudi asisemwe vibaya kisimani.

Mwenye Heri Anuarite Nengapeta alizaliwa Wamba, Kongo, mwaka 1939. Siku ya nadhiri zake katika shirika la Jamaa Takatifu, mwaka 1959, wazazi wake walitoa mbuzi wawili. Waliostahili kupokea ndio waliotoa! Tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, ofisa wa waasi wa Simba alitaka kumchukua. Alikataa, kwa kuwa alikwisha jitoa kwa Kristo, akauawa huku akimsamehe. Alikuwa na miaka 24.

Hapa tuseme wazi, kwa sababu wapo kati yetu wanaolia kimya. Dada aliyetendwa kwa nguvu vitani hakupoteza usafi wake mbele ya Mungu. Dhambi ni ya aliyemtenda. Mtakatifu Augustino aliwatetea hivyo wanawake wa Roma baada ya mji kutekwa mwaka 410, wakiwemo mabikira waliowekwa wakfu.

Wala utawa si kinga ya ukimbizi. Masista wa Moyo Mtakatifu walianzishwa Juba mwaka 1954, na vita vya miaka ya 1960 vikawaleta Uganda, wakakaa Moyo. Walivuka mpaka kama sisi.

Maswali ya jumuiya: Binti yako akikuomba ruhusa wiki hii, utamwuliza nini kwanza? Je, angelitaka usista hata kama tungekuwa nyumbani, na shamba letu likiwa na mihogo? Na mzazi akikubali, jumuiya itamsaidiaje, naye amebaki bila mtu wa kumtekea maji?